Maswali ya Wasomaji: Sikio na Irabu Zinazokaribiana

Barua za safari hii zimetoka Tanga mjini na wilaya zake, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: kwa nini irabu mbili zinazokaribiana humpita msikilizaji. Tumezifupisha kidogo.

*Nafundisha Kiingereza kidato cha pili. Wanafunzi wangu hawatofautishi ship na sheep, wala live na leave. Niliwaambia moja ni fupi na nyingine ni ndefu, wakafurahi, lakini kwenye imla live bado wanaiandika leave. Je, masikio yao yana kasoro?*
– Mwalimu, Muheza

Mwalimu, masikio ya watoto wako ni mazima. Kasoro iko kwenye ile kanuni ya fupi na ndefu, na usijilaumu, maana imejaa vitabuni.

Tuanze na sauti yenyewe. Koo hutoa mtetemo, kinywa kikaukuza zaidi katika sehemu fulani za masafa. Sehemu hizo huitwa fomanti, na mbili za kwanza, F1 na F2, ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya utambulisho wa irabu. Ukifungua kinywa zaidi, F1 hupanda. Ukisogeza ulimi mbele, F2 hupanda. Ukiviringa midomo, F2 hushuka. Mwaka 1952 Gordon Peterson na Harold Barney wa maabara ya Bell, Marekani, walichapisha vipimo vya irabu za Kiingereza kutoka kwa watu 76. Kwa wanaume, irabu iliyomo katika sheep ilikuwa na wastani wa F1 Hz 270 na F2 Hz 2290. Ile ya ship, Hz 390 na Hz 1990. (Hz 1 ni mtetemo mmoja kwa sekunde.) Majaribio ya usikivu nayo yanaonyesha kwamba mtu akiwa mahali patulivu hutambua fomanti iliyosogea kwa asilimia 3 hadi 5 tu, na aliyefanyishwa mazoezi mengi huenda chini ya hapo. Asilimia 5 ya 390 haifiki Hz 20. Kati ya ship na sheep kuna Hz 120. Kwa hiyo tofauti inaingia sikioni bila taabu yoyote.

Inapotelea kwenye kupanga. Kiswahili kina i na kina e, na katikati yao hakuna irabu nyingine. Irabu ya ship inaangukia hapohapo katikati, na sikio lililokulia Tanga linaivuta upande wa i. Mtafiti wa usikivu wa lugha Patricia Kuhl aliueleza mvuto huu mwaka 1991: sauti iliyo mfano mzuri wa irabu fulani huzifanya sauti jirani zisikike kama yenyewe. Mtoto wako anasikia "i, ila si nzuri sana", na kwenye imla hakuna mahali pa kuandika "si nzuri sana".

Sasa urefu. Ni kweli kwamba sheep huwa ndefu kuliko ship. Lakini katika Kiingereza irabu yoyote hurefuka ikifuatwa na d, g, z au v, na hufupika ikifuatwa na t, k, s au f. Irabu ya bid inaweza kulingana kwa urefu na ya beat. Chukua live: ile v mwishoni inairefusha irabu, mwanafunzi anasikia urefu, anakumbuka kanuni yako, anaandika leave. Amekosea kwa kukutii! Futa neno "refu" ubaoni kwa muda, uwafundishe kusikiliza rangi ya sauti.

Zoezi lina hatua mbili. Kwanza wajue kwamba tofauti ipo. Cheza ship kisha sheep, sauti ya mtu mmoja, mwanya kati yake usizidi nusu sekunde, uulize: zimefanana au hazikufanana? Wengi watapatia. Rudia kwa mwanya wa sekunde 2 uone baadhi wakipotea. Kumbukumbu ya sauti mbichi hufifia upesi. Ikishafifia, mtu analinganisha majina aliyozipa sauti hizo, na kwao zote mbili zimeitwa "i". Jaribio la David Pisoni la mwaka 1973 lilihusu jambo hili hasa. Zingatia pia mpangilio: kutoka ship kwenda sheep ni rahisi kuliko kurudi nyuma, kwa sababu kwa kawaida sikio hushtuka zaidi sauti inapoelekea pembezoni mwa eneo la irabu, zilipo i, a na u, kuliko inapoingia ndani. Anza na mpangilio rahisi, kisha changanya.

Hatua ya pili ni ya kutambua. Chagua jozi 6: ship na sheep, bit na beat, live na leave, fill na feel, sit na seat, bid na bead. Utahitaji wasomaji 4 wa lugha hiyo, wanaume 2 na wanawake 2, kila mmoja asome kila neno mara 2. Hapo una rekodi 96. Zichanganye, cheza neno moja moja, mwanafunzi aweke alama kwenye karatasi yake, kisha mpe jibu sahihi papo hapo na umsikilizishe tena. Dakika 15 hadi 20 kwa siku zinatosha; ukizidisha wanachoka, wanaanza kubahatisha. Sauti nyingi ni za lazima. Darasa lililofunzwa kwa sauti ya mwalimu mmoja hujifunza koo la mwalimu huyo, na likikutana na sauti nyingine linarudi lilikotoka.

Yanayoharibu zoezi ni haya. Mwalimu kusoma mwenyewe huku akirefusha makusudi. Darasa kujibu kwa pamoja, mmoja akawabeba arobaini. Kucheza rekodi kwa spika ya simu: spika ndogo haitoi vizuri sauti za chini, na tofauti ya F1 iko hukohuko chini, hivyo tafuta spika kubwa zaidi. Mvua kwenye bati, hapo ahirisha tu. Na neno lililochezwa peke yake kwa sauti ngeni, kwa sababu sikio halipimi irabu kwa rula moja kwa watu wote. Peter Ladefoged na Donald Broadbent walionyesha mwaka 1957 kwamba neno lilelile, bila kuguswa, lilisikika bit au bet kutegemea fomanti za sentensi iliyolitangulia. Basi kila msomaji atangulize sentensi fupi kabla ya kila neno lake.

Mwisho pima kwa sauti mpya na maneno mapya, 20. Anayebahatisha atapata kama 10. Kupata 15 au zaidi kwa bahati hutokea karibu mara 2 katika 100, kwa hiyo aliyefika 15 mhesabu kuwa anasikia.

*Naimba taarabu. Nikishika noti za juu, watu wanalalamika hawasikii maneno. Juzi "penzi langu" imesikika "panzi langu", ukumbi mzima kicheko. Fundi mitambo anasema maiki ni mbovu, tununue nyingine.*
– Mwimbaji, Ngamiani

Dada, hela ya maiki iwekeni kwanza. Panzi huyo hakutoka kwenye maiki.

Sauti ya mtu anayeimba ni noti ya msingi pamoja na hamoniki zake, yaani vizidishio vya noti hiyo. Mwanaume anayeimba kwa Hz 120 ana hamoniki kila baada ya Hz 120: 240, 360, 480 na kuendelea. Zimebanana, kwa hiyo umbo la fomanti linajichora vizuri juu yake. Wewe ukipanda hadi Hz 700 hivi, hamoniki zako ni 700, 1400, 2100, na kati ya hizo hamna kitu. Irabu e ya mwanamke ina F1 ya karibu Hz 600. Pale ambapo F1 ingekaa, hakuna sauti ya kuionyesha. Kisha kuna jambo ambalo waimbaji hulifanya bila kufundishwa: wakipanda, hufungua taya zaidi ili F1 iifuate noti, maana hapo sauti hujaa bila kukaza koo. Taya likifunguka hivyo, e imekwenda nyumba ya a. Ndiyo penzi yako. Irabu i na u huumia mapema zaidi kwa sababu F1 zao ziko chini kabisa, karibu Hz 300 hadi 400 kwa mwanamke. Ukipita C ya juu, yaani Hz 523, noti yenyewe ya msingi imeshaziruka.

Dawa nzuri kuliko zote iko kwa mtunzi. Kilele cha ubeti akipe a. "Penzi", "siri", "huzuni" zishuke kidogo, au zitangulie kwenye mstari wa chini kabla ya kurudiwa juu. Taarabu ina bahati ya kurudia mistari, na msikilizaji aliyekwisha kulisikia neno chini atalisikia hata juu. Kama noti haibadiliki, ianze e yako chini kidogo kisha iteleze kwenda juu. Utambulisho mwingi wa irabu uko kwenye mpito wa kuingia na kutoka, kati ya p na e, kati ya e na nz. Ukishikilia katikati tu kwa sekunde 4, msikilizaji amebaki na sehemu isiyomwambia kitu. Kwa hiyo konsonanti zako ziwe kali. Na hapa fundi mitambo anaweza kusaidia: apunguze eko kwenye sauti yako. Eko ikizidi, mkia wa irabu iliyopita unafunika konsonanti inayofuata, na ule mpito ndio unaozama.

*Mimi Mbondei, mume wangu Msukuma. Anasema Kisukuma kina irabu 7 na mtoto wetu wa miezi 5 atazikosa kwa kuwa nyumbani twazungumza Kiswahili. Kweli?*
– Mama, Korogwe

Mumeo ana hoja, mama. Kisukuma kina irabu 7, Kibondei na Kiswahili 5, na mtoto huanza kupanga irabu kwa lugha anayoisikia mapema sana. Utafiti wa Kuhl na wenzake uliochapishwa mwaka 1992 ulikuta watoto wa miezi 6 wa Marekani na wa Sweden tayari wanatofautiana katika kusikia irabu zilezile. Hilo halina maana kwamba mlango hufungwa; mtoto anayeongeleshwa lugha mbili huzipanga zote mbili.

Baba amsemeshe mwenyewe, kwa Kisukuma, kila siku: akimwogesha, akimbeba. Kumwachia rekodi au video hakusaidii. Mwaka 2003 kundi hilohilo la Kuhl lilichapisha jaribio la watoto wa Kimarekani wa miezi 9 waliopewa vipindi 12 vya Kichina; waliokaa na mtu walijifunza sauti zake, waliotazamishwa video hawakujifunza. Sauti zilizopimwa pale zilikuwa konsonanti, lakini ushauri kwa baba ni uleule.

*Nasoma isimu chuoni. Nimepima irabu zangu kwa programu ya Praat, lakini F2 ya u inatoka Hz 2300. Kitabu kinasema u iko chini ya 1000. Nimekosea wapi?*
– Mwanachuo, Tanga mjini

Hujakosea kutamka. Programu imekusomea F3 ukaiita F2.

Praat, iliyotengenezwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, hutafuta fomanti 5 chini ya kikomo unachokiweka, na kikomo cha kawaida ni Hz 5500, ambacho kinafaa sauti ya kike. Kwa mwanaume weka 5000. Katika u na o, F1 na F2 hukaa karibu mno; kikomo kikiwa juu kuliko kinachofaa koo lako, programu huziunganisha kuwa moja, kisha iliyofuata, ambayo ni F3, inapewa namba ya pili. Shusha hadi 5000. Ikikataa jaribu 4500 kwa u na o pekee, na uandike kwenye ripoti kwamba umefanya hivyo. Kila mara linganisha vitone vyekundu, ambavyo ni fomanti zilizokisiwa na programu, na mistari myeusi ya picha ya sauti iliyo nyuma yake. Vitone vikirukaruka, usichukue namba.

Maneno ya kurekodi yachague vizuri. Kata, keti, kito, koti, kuti: irabu zote 5, zote zimekaa kati ya k na t, zote zina mkazo. Yaweke ndani ya "Sema … tena", kila moja mara 5, utupe ya kwanza. Epuka m na n kando ya irabu, kwa sababu pua ikifunguka huongeza mwangwi wake na kuichafua F1. Rekodi WAV kwa sampuli 44100 kwa sekunde. Sauti iliyotumwa kwa WhatsApp imekwisha kubanwa. Pima katikati ya irabu, mbali na mpito.

Ukishamaliza, usilinganishe namba ghafi za mwanaume na za mtoto. Katika vile vipimo vya Peterson na Barney vya 1952, F1 ya irabu ya bit kwa watoto ni Hz 530, na F1 ya irabu ya bet kwa wanaume ni Hz 530 hiyohiyo. Kila msemaji mtolee wastani wake kisha gawa kwa mchepuko wake sanifu, F1 peke yake na F2 peke yake. Njia hiyo ni ya Lobanov, ya mwaka 1971, na hutumika sana katika fonetiki.

*Shikamooni. Babu yetu ana miaka 74. Kwenye daladala konda akisema "shika" yeye anasikia "shuka" anaanza kunyanyuka. Tunampigia kelele lakini ndiyo anachanganyikiwa zaidi. Simu nayo hivyohivyo.*
– Mjukuu, Makorora

Marahaba. Acheni kupiga kelele.

Irabu i na u zina F1 inayokaribiana sana, karibu Hz 300 kwa mwanaume. Kinachozitenganisha ni F2: i iko juu ya Hz 2000, u iko chini ya 1000. Uzee hula usikivu kuanzia masafa ya juu. Babu akipoteza kuanzia Hz 1500 au 2000 kwenda juu, F2 ya i haimfikii, na kilichobaki kinafanana na u. Ndiyo maana anasikia shuka na si shaka: a ina F1 ya juu zaidi, hiyo bado anayo. Mkimpigia kelele, mnafungua kinywa na kupandisha noti, F1 inahama, irabu zote zinasogea kuelekea a.

Semeni taratibu, kwa sauti ya kawaida iliyokaza kidogo, mkimtazama, mwanga uwe usoni kwenu. Midomo ya u imeviringwa, ya i imetanuka. Jicho litampa kile ambacho sikio limenyimwa. Kwenye simu midomo haionekani, na simu ya kawaida hukata sauti zilizo juu ya Hz 3400, kwa hiyo badilisheni neno: badala ya "shuka" semeni "teremka".

Kabla ya yote, mpelekeni hospitali watazame kama sikio limezibwa na nta. Hiyo mara nyingi huondolewa siku hiyohiyo. Msiingize kijiti cha pamba, kinaisukuma ndani. Kisha aombewe kipimo cha usikivu cha Hz 250 hadi 8000, sikio moja moja. Karatasi ya kipimo hicho ndiyo fundi wa vifaa vya kusikia anayoitumia kuongeza masafa yaliyopungua pekee. Kifaa cha kukuza kila kitu kwa pamoja, kama vile vinavyouzwa mkononi bila kipimo, kitamrudishia makelele yenu yaleyale.

*Naongoza wageni Mapango ya Amboni. Wajerumani hunicheka nikisema "Tour". Wanasema nimesema mlango.*
– Mwongoza watalii, Tanga

Kijerumani kina maneno 3 yanayokuhusu: Tier, mnyama, Tür, mlango, Tour, matembezi. Irabu ya kwanza ni kama i yetu, ya mwisho kama u yetu, na ya katikati ni i yenye midomo ya u. Huenda umekwisha kuifahamu ile ya katikati ukaanza kuiweka kila mahali.

Tamka "iii" ndefu. Ulimi usiuguse, ubaki ulipo, ncha nyuma ya meno ya chini. Sasa viringa midomo pole pole kana kwamba unapuliza, huku sauti ikiendelea. Utaisikia rangi ikibadilika. Hiyo ndiyo ü. Kosa la kawaida ni ulimi kurudi nyuma pamoja na midomo, ukatua kwenye u. Likitokea, fungua midomo bila kusogeza kingine chochote: ukisikia i safi, ulimi ulikuwa mahali pake. Kwa Tour usihangaike kabisa, sema u ya "kuku", ndefu kidogo, na r ya mwisho usiitingishe. Wajerumani wengi huimeza ikasikika kama a hafifu.